Mteja wa Kawaida Hataathirika

2 Machi

Mdogo wangu Kalamu,

"Marekebisho haya madogo ya bei ya umeme hayatamwathiri mteja wa kawaida."

Ndivyo linavyosema tangazo la shirika lenu, lililobandikwa leo asubuhi kwenye nguzo iliyo mbele ya mlango wangu, kwa gundi nyingi kuliko akili. Nimelisoma mara tatu nikiwa nimesimama juani na trei ya mayai mkononi. Sasa keti, nikuchambulie.

"Marekebisho." Mtu hurekebisha kilichoharibika. Hurekebisha saa inayochelewa, hurekebisha suruali iliyomzidi mtoto kiuno. Bei yetu haikuharibika. Ilikuwa imesimama kwa miguu yake miwili, ninyi mnataka kuipandisha juu ya paa. Semeni "kupandisha". Neno lipo na halitozwi kodi.

"Madogo." Mnataka kuongeza theluthi nzima! Ukinikatia mkate vipande vitatu, ukala kimoja mbele ya macho yangu, utaniambia umeonja?

Lakini anayeninyima raha ni huyo "mteja wa kawaida". Nimemtafuta mtaa mzima. Mama wa saluni anasema si yeye, maana mashine zake za kukaushia nywele zinabwia umeme kama watoto waliotoka shule na njaa. Fundi wa vyuma anasema si yeye. Mimi, mwenye mashine mbili za kutotolesha vifaranga zinazotaka joto siku ishirini na moja bila kupumzika hata dakika, bila shaka si mimi. Nikamwendea mama, mwenye taa moja na redio. Akasema, "Mimi nitaathirika kuliko ninyi nyote. Tangu baba yenu afariki, hiyo redio ndiyo pekee inayonibishia." Basi huyo wa kawaida anakaa mtaa gani?

Chini kabisa, kwa maandishi ya ukubwa wa sisimizi, mmeandika kwamba mteja mwenye pingamizi alete barua ndani ya siku ishirini na moja. Mji usiofikisha barua mia moja za wateja, Baraza la Bei litauamulia bila kuuitishia kikao. Yaani tukinyamaza tumekubali. Vizuri. Ishirini na moja ndizo siku za yai kuwa kifaranga. Leo nimetia mayai mia mbili na arobaini mashineni. Yameanza safari siku moja na tangazo lenu. Tutaona ni kipi kitakachopasuka kwanza.

Wewe unafanya kazi humo, tena kitengo cha barua. Niambie nani ameliandika. Nataka kumjua tu, sitamla.

Jana umeme ulilala mchana kutwa. Ndiyo, bado nasema hivyo. Nikisema "umekatika" naona kama namkosea baba, aliyetudanganya tulipokuwa wadogo kwamba umeme umechoka, umelala, tusilie tukauamsha vibaya.

Nimeandika barua kwa sababu nikipiga simu utaniambia uko kikaoni. Dereva wa lori la chakula cha kuku atakuletea. Mpe jibu akirudi.

Dada yako

*

5 Machi

Dada,

Shikamoo. Mfikishie mama shikamoo yangu. Wifi yako anakusalimu, anasema barua yako ilisikika hadi jikoni ingawa niliisoma kimyakimya.

Umeuliza nani aliandika tangazo. Tangazo la ofisi ni kama uji wa bwenini: kila mtu amekoroga, hakuna aliyepika. Mimi ni karani wa barua tu.

Ila nawe usiwe mwepesi wa kupiga. Nyaya za mji wenu ni zilezile tulizozikuta tulipozaliwa. Transfoma ya pale sokoni imezibwa kwa bati. Vitu hivyo havitengenezwi kwa dua. Shirika lisipopata fedha, umeme utalala zaidi, na mashine zako ndizo zitakazoumia kwanza. Hilo hukuliandika.

Na nikuombe jambo moja, dada. Usipeleke pingamizi. Barua zote hupitia mezani kwangu, nami ndiye ninayezigonga mhuri wa kupokelewa kabla hazijaenda Barazani. Isiyo na mhuri haifiki. Nazijua zinavyosomwa. Wewe unafanya biashara kwa meta ya nyumbani. Wakileta mkaguzi hapo, hatauliza habari za marekebisho, atakata waya. Usichokoze nyuki ukiwa umevaa kanga moja. Waachie wengine.

Jambo jingine, usimwambie mama bado: mwezi huu nitathibitishwa kuwa mkuu wa kitengo. Miaka kumi na minne, dada. Nivumilie siku chache hizi.

Mdogo wako,
Kalamu

*

9 Machi

Kalamu,

Hongera ya ukuu. Mama nimemwambia. Unadhani nina kifua cha chuma?

Leo ni siku ya saba, siku ya kupima mayai. Nimefunga pazia, nikalishika kila moja mbele ya tochi. Yai lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu, kama mto na vijito vyake. Lisilo na kitu linang'aa tupu. Nikafikiri, lile tangazo nalo linahitaji tochi. Linang'aa kweli.

Habari zako za transfoma nimezielewa, na ni za kweli. Basi kwa nini hamkuziandika? Mngesema, "Transfoma yenu imezibwa kwa bati, tunaomba theluthi, na tutawaonyesha mpya ifikapo mwezi fulani," ningesoma kwa heshima, huenda hata ningenyamaza. Mtu akiniomba, nitampa au nitamnyima. Mtu akinichukulia huku akinipapasa kichwa kwamba sitaumia, huyo namng'ata mkono.

Kwa hiyo pingamizi nimepeleka jana, kwa jina langu kamili, na nimesema wazi kwamba nina mashine mbili. Siwezi kudai ukweli kwa watu huku nimeficha wangu chini ya kitanda. Fundi wa vyuma aliniuliza, "Dada, huogopi?" Nikamwambia naogopa sana, ndiyo maana nimeandika kwa kalamu ya wino mweusi, nisije nikafuta.

Gonga mhuri, mdogo wangu. Huombwi zaidi ya hapo.

Dada yako

*

12 Machi

Kwa: Mwandishi wa barua
Yahusu: Pingamizi la bei

Ndugu,

Barua yako ya tarehe 8 Machi imesomwa. Tunasikitika kukujulisha kwamba, kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, wewe si mteja wa Shirika. Meta iliyo katika nyumba uliyoitaja imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, ambaye ndiye mteja. Mteja huyo hajawasilisha pingamizi lolote. Kwa sababu hiyo barua yako inarejeshwa bila mhuri.

Shirika linaendelea na kila juhudi ya kupunguza saa ambazo umeme umelala, na linakushukuru kwa uvumilivu wako.

Wako mtiifu,
Kitengo cha Barua za Wateja
kwa niaba ya Meneja

*

14 Machi

Kalamu,

Kikulacho ki nguoni mwako.

Barua ya shirika ilifika jana. Nikaisoma kwa sauti kibarazani, mbele ya mama na mama wa saluni. Nilipofika pale pasemapo "mteja huyo hajawasilisha pingamizi lolote", mama akauliza, "Mteja gani?"

Nikamwambia, "Baba. Meta ina jina la baba."

Akajifunga kanga yake vizuri. Kisha akasema, "Waambie ana udhuru."

Tulicheka, mdogo wangu, mama wa saluni alicheka hadi akashika ukuta. Nikaendelea kusoma kwa machozi ya kicheko, nikafika mstari wa mwisho, kicheko kikanikauka mdomoni. "Saa ambazo umeme umelala."

Mama naye alisikia. Aliinuka akaingia ndani.

Nani mwingine duniani husema hivyo? Watu husema umekatika, umezimika, umeondoka. Majirani zetu walikuwa wakitucheka shuleni kwa neno hilo, umesahau? Ni la nyumba moja tu, na katika nyumba hiyo anayefanya kazi shirika la umeme ni mmoja.

Nikaenda nguzoni. Tangazo limeanza kubanduka, nikalishika kona nikalisoma mara ya nne. Aya ya pili: "ili kupunguza kulala kwa umeme." Limekuwepo siku zote. Sikuliona, kwa sababu mtu hasikii harufu ya nyumba yake mwenyewe.

Kwa hiyo ni wewe uliyekoroga, ukapika na ukapakua. Nilikuuliza nani ameandika, ukanipa habari za uji wa bwenini. Nami nikakaa hapa nikimtukana mwandishi, nikimpelekea mwandishi mwenyewe matusi yake kwa lori!

Sikiliza. Lile neno la baba lilikuwa uongo, lakini uongo wa mtu aliyekuwa gizani pamoja nasi. Alitudanganya huku ametupakata. Wewe umeuchukua ukaupiga chapa ili uwanyamazishe watu ambao huwapakati, wenye jokofu linalovuja na kazi iliyosimama. Halafu ukanijibu mimi, dada yako niliyekushika mkono ukajifunza kuandika herufi ya kwanza, kwamba mimi si mtu wa kujibiwa. Ukamtuma baba aliye kaburini aje kunifungia mlango.

Nisionyeshwe huo ukuu wa kitengo.

Mimi

*

16 Machi

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Ni mimi. Tangazo niliandika mimi. "Madogo" si langu. Mkuu wa kitengo wa sasa aliliongeza kwa kalamu nyekundu kabla ya kulipeleka kuchapwa. "Marekebisho" ndilo neno linalotumika ofisini, sijawahi kulifikiria hadi barua yako. Lakini "mteja wa kawaida" ni langu. Unataka kujua nilimfikiria nani? Mama. Taa moja na redio. Nilipiga hesabu ya taa moja na redio, nikaona haiumizi, nikaandika sentensi ile, nikaenda kula chakula cha mchana. Hilo la kulala kwa umeme lilinitoka bila kujua. Wenzangu watatu walilipitia, wakadhani ni Kiswahili sanifu.

Na barua ya kukukataa niliandika mimi pia. Ukitaka, nitukane, lakini soma sababu kwanza. Barua yenye mhuri haiendi Barazani peke yake. Inaambatana na karatasi ya meta: jina, matumizi, aina ya mteja. Ulikuwa umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba una mashine mbili, kwa meta ya nyumbani, ya mtu aliyefariki. Mkaguzi angefika hapo kabla ya mayai kufika siku ya kumi na tano. Nilitaka barua yako ife ili mashine zako ziishi.

Nimekudanganya. Lakini nawe unaandika kana kwamba ushujaa ni wako peke yako. Ni nani alilipa ada ya chuo cha mpwa wetu kwa mshahara wa kitengo hiki unachokitemea mate? Si kila anayeinamisha kichwa amekubali kukatwa, dada. Wengine tunakwepa boriti.

Hadi leo mji wenu umeleta barua tisa. Hamtafika mia. Liache lipite, nami nitakubadilishia jina la meta taratibu, bila kelele, nikishakuwa mkuu.

Mama alipoingia ndani siku ile, alitoka akasema nini?

Kalamu

*

20 Machi

Kalamu,

Alitoka akasema, "Mtoto wangu ana mwandiko mzuri tangu zamani." Hilo tu. Lichukue uliweke unapotaka.

Habari za ada ni kweli. Sikuzisahau na sitazisahau. Nilivuka mpaka, na kwa hilo ninakuomba radhi. Kwa mengine yote, hapana.

Leo ni siku ya kumi na nane ya mayai, siku ambayo kifaranga anajigeuza ndani akitafuta pa kupumulia. Umeme ulilala saa nne asubuhi, ukaamka saa kumi jioni. Saa sita nzima. Hukuwepo, kwa hiyo nikueleze. Nilichemsha maji, nikayatia kwenye chupa, nikazipanga ndani ya mashine. Nilitandika mablanketi yote ya nyumba juu yake, na la mama akalivua mwenyewe mabegani. Mama wa saluni, ambaye naye hakuwa na kazi, alikuja na taulo zake zote. Fundi wa vyuma alikuwa akichochea mkaa nje na kubeba masufuria. Watu wazima wanne tukiwa tumeyaatamia mayai kama kuku wendawazimu. Sijui mangapi yamepona. Nitajua baada ya siku tatu.

Tukiwa tumekaa pale, mikono juu ya mablanketi, nikamuuliza fundi wa vyuma meta yake ina jina la nani. Akasema la mwenye nyumba, aliyehamia ng'ambo. Ya saluni ina jina la mwenye bucha aliyekuwa hapo zamani. Jana na juzi nilikuwa nimeanza kupita mlango kwa mlango nikikusanya mapingamizi, lakini baada ya hapo tulienda wote watatu. Nimeona maajabu. Nyumba ya ibada iliyo kona ina meta yenye jina la baa. Mwalimu mstaafu analipia umeme wa mume wa kwanza wa mkewe. Na marehemu, Kalamu! Mtaa wetu pekee una marehemu ishirini na sita wanaotumia umeme.

Unajua maana yake? Maana yake ulikuwa sahihi. Naam, mimi nakiri kwa wino mweusi: sentensi yako ilikuwa kweli tupu.

Nakuletea mzigo wa barua kwa lori hilihili. Ya juu kabisa isome kwa heshima. Inatoka kwa mtu unayemjua.

Dada yako

*

19 Machi

Kwa: Meneja wa Shirika
Yahusu: Pingamizi la mteja

Ndugu Meneja,

Mimi ni mteja wenu. Mmelisema wenyewe katika barua yenu ya tarehe 12 Machi, nami nimefurahi kukumbukwa, maana huku nilipo mtu husahaulika upesi. Mmeeleza kwamba sijawasilisha pingamizi. Ni kweli. Mniwie radhi kwa kuchelewa; nilikuwa nimekufa.

Nilifariki miaka tisa iliyopita, Jumanne, mchana, umeme ukiwa umelala. Tangu siku hiyo sijawasha taa, sijapiga pasi, sijafungua redio. Hata hivyo mmepokea malipo yangu kila mwezi, na hakuna mwezi hata mmoja mliouliza yanatoka chini ya udongo gani.

Mmetangaza kwamba kupanda kwa bei hakutamwathiri mteja wa kawaida. Nathibitisha. Mimi ndiye mteja wa kawaida, na sitaathirika. Mkipandisha theluthi sitaathirika. Mkipandisha mara kumi nitageukia ubavu wa pili. Hapa jirani zangu wengi ni wateja wenu, nao wanasema vivyo hivyo. Kwa upande wetu, ndugu Meneja, hamna tatizo lolote.

Tatizo lenu liko juu ya ardhi. Yupo binti yangu, ambaye mmemwambia si mteja. Yeye ndiye anayelipa. Ana kazi anayoifanya kwa umeme huo, hakuificha, na kama aina ya meta si sahihi yuko tayari kuibadilisha na kulipa inavyostahili, mkimtambua kwanza kwamba yupo. Kwa hiyo chagueni moja. Kama mteja ni mimi, basi kwa miaka tisa mmekuwa mkichukua fedha za mtu asiyehusika, mrudishieni. Kama mteja ni anayelipa, pokeeni barua yake na mgonge mhuri. Hamwezi kumtambua kwenye dirisha la malipo na kumsahau kwenye dirisha la malalamiko.

Nikiwa hai niliwaambia watoto wangu kwamba umeme umelala. Niliwaambia wasilie. Sasa nawaambia walie.

Marehemu, mteja
kwa mkono wa binti yake, anayelipa
Shahidi: mjane wa mteja (dole gumba)

*

23 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimegonga.

Nianze mwanzo. Ilipofika ya baba nilifunga mlango wa ofisi. Nilisoma hadi mwisho, nikarudia mstari wa mwisho, nikatoka kwenda kunawa uso. Niliporudi nikahesabu. Pamoja na zilizotangulia, mji wenu umeleta barua mia moja thelathini na nne. Zilizoandikwa na watu ambao majina yao yamo kwenye meta ni thelathini na moja. Nyingine mia moja na tatu ni za marehemu, waliohama, baa moja, na mume wa kwanza wa mke wa mwalimu.

Nikaanza kugonga. Mkuu akasikia mlio, akaja.

"Kalamu, hizo ni nini?"

"Mapingamizi, Mkuu."

Akachukua ya juu. Alipomaliza alikuwa mwekundu wa masikio. "Hii imeandikwa na mfu!"

"Imeandikwa na mteja, Mkuu. Tulimwandikia binti yake kwamba mteja hajawasilisha. Sasa amewasilisha."

"Warudishie wenyewe."

"Utaratibu unasema barua iliyokataliwa irejeshwe kwa mteja, mkononi. Nimpelekee wapi, Mkuu? Niende na koleo?"

Msichana wa mapokezi alicheka. Naamini kicheko chake ndicho kilichoniponza, maana Mkuu angenisamehe utovu wa adabu lakini si hadharani. Aliniambia niache mhuri mezani. Nikamwambia zimebaki kumi na sita. Nikazigonga zote kumi na sita akinitazama. Mhuri unasema "imepokelewa", dada. Hausemi na nani, wala kutoka wapi. Zilikuwa zimepokelewa. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne niligonga jambo la kweli tupu.

Juu ya mzigo nimeambatanisha karatasi yangu mwenyewe. Nimeandika kwamba neno "madogo" liliongezwa baada ya tangazo kuandikwa, na kwamba "mteja wa kawaida" nilimbuni mimi, bila kumhoji mtu yeyote aliye hai.

Ukuu umeota mbawa. Tangu leo mchana niko ghala la meta mbovu. Ni chumba kikubwa, hakina dirisha, kina meta elfu kadhaa zilizokufa zikinitazama. Wifi yako alinuna kwa saa moja, kisha akasoma barua ya baba akacheka, kisha akanuna tena. Yuko sahihi mara zote mbili.

Na nilitaka niandike pingamizi langu mimi pia. Nikatazama meta ya hapa tunapopanga. Ina jina la mtalaka wa mwenye nyumba. Nami si mteja, dada. Miaka yote hii nimekuwa nikiandika barua kwa niaba ya shirika lisilonijua.

Leo ni siku ya ishirini na moja. Vifaranga je?

Mdogo wako,
Kalamu

*

27 Machi

Kwa: Wajumbe saba wa Baraza la Bei

Ndugu Wajumbe,

"Inapendekezwa kwamba barua mia moja na tatu zilizotoka kwa watu wasio wateja ziondolewe, na kwa kuwa zitakazobaki ni thelathini na moja, mji huo uamuliwe bila kikao."

Hayo ni maneno ya Shirika kwenu, ya tarehe 25, na nakala nimepata. Msiulize kutoka kwa nani. Ghala la meta mbovu nalo lina mlango.

Shirika linasema sisi si wateja. Mimi nimelipa miaka tisa. Juzi, saa mbili asubuhi, lilipoleta mkaguzi, mkaguzi huyo hakumuuliza marehemu baba yangu habari za mashine. Aliniuliza mimi. Faini hakuyaandikia makaburi, aliniandikia mimi, kwa jina langu kamili, bila kukosea herufi. Kumbe jina langu wanalijua! Wanalijua kwenye faini, wanalijua kwenye malipo, wanalisahau kwenye kikao tu. Nimempa mkaguzi kiti na maji ya kunywa, nikamwonyesha mashine zote mbili, nikasaini. Kosa langu nimelikiri. Sasa nasubiri la kwao.

Sisemi bei isipande kamwe. Ndugu yangu wa damu amenieleza habari za transfoma iliyozibwa kwa bati, nami naamini, maana nimeishi chini yake. Huenda theluthi inahitajika. Huenda robo ingetosha. Sijui, na ninyi hamjui, kwa kuwa waliowaletea hesabu hiyo waliipiga kwa mtu ambaye hayupo. Mwandishi wa tangazo amewaandikia hivyo kwa mkono wake, na imemgharimu.

Tarehe 20 umeme ulilala saa sita. Tulikuwa tumeyaatamia mayai mia mbili na arobaini kwa mablanketi na taulo za saluni. Tarehe 23 yaliyopasuka ni mia moja hamsini na moja. Mengine nilisubiri siku mbili zaidi, nikiyaweka sikioni moja moja. Katika baadhi nilisikia mdomo ukigonga ganda, mara mbili, mara tatu, kisha kimya. Kimya kile hakikuwa ridhaa, ndugu Wajumbe. Nawaomba mlikumbuke hilo mtakapofika kwenye ukurasa unaosema mji huu haukupinga.

Nasikia baadhi yenu mnasitasita, mnasema sheria haisemi mteja ni nani. Basi semeni ninyi. Ndiyo kazi mliyopewa viti kwa ajili yake.

Ninataka hivi. Msiondoe barua hata moja. Njooni hapa, wote saba, mchana, kwenye ukumbi wa shule ulio nyuma ya soko, na msilete jenereta. Viti tutapanga sisi. Vyenu saba mbele. Sisi tunaolipa tutaketi penye nafasi, na wengine tutasimama. Na katikati tutaweka kimoja, kizuri, chenye mto, tukiandike kwa herufi kubwa: MTEJA WA KAWAIDA. Mama yangu atakifuta vumbi.

Mwiteni kwa sauti. Mwiteni mara tatu, kama mahakamani. Akija akakikalia, pandisheni bei, nami nitakuwa wa kwanza kulipa.

Kikibaki kitupu, geuzeni shingo zenu mtutazame sisi tuliosimama, na mtuulize.

Binti wa mteja, anayelipa